JE, NGAMIANI NI SALAMA? Jinsi ya kusoma takwimu za uhalifu na jinsi ya kuishi mtaani



Wiki chache zilizopita mama yangu mdogo alinipigia simu kutoka Amani. Mnaoijua Amani ile ya Muheza, juu milimani kwenye msitu na mashamba ya chai, mnajua kwamba mtu wa kule hapigi simu kwa kupoteza muda. Binti yake wa mwisho amepata nafasi ya chuo hapa Tanga mjini na anatakiwa kupanga chumba. Baada ya salamu zote, za nyumbani, za wagonjwa na za mvua, akaniuliza moja kwa moja: "Mwanangu, hebu niambie ukweli. Huko Ngamiani kwenu si ndiko kwenye wezi? Mtoto ataweza kukaa?"

Nikamjibu haraka haraka, "Mama, wala usiwe na wasiwasi, huku ni salama tu." Nilipokata simu nikajiuliza, hivi nimejuaje? Nimekaa mtaa huu miaka zaidi ya ishirini na sijawahi kuibiwa kitu kikubwa, lakini hiyo ni habari yangu mimi, si habari ya mtaa. Jirani yangu wa nyumba ya tatu ameibiwa mara mbili katika mwezi mmoja. Ukimuuliza yeye atakwambia Ngamiani ni jehanamu!

Basi nikakaa chini nikaandika ninayoyajua kuhusu jambo hili. Sehemu nyingine ni ya sheria na hesabu, sehemu nyingine ni ya mtaani. Kama na wewe una mtoto, mdogo wako au shemeji anayehamia mjini, soma mpaka mwisho, itakusaidia.

NGAMIANI NI WAPI HASA

Tuanze na hapa, kwa sababu watu wengi wakisema "Ngamiani" wanachanganya. Ngamiani ni upande wa pili wa reli, ukitoka bandarini na kwenye ofisi za serikali. Reli yenyewe ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893 na ikafika Muheza mwaka 1896, na mji ukagawanyika hivyo hivyo: wakubwa upande wa bahari, wafanyakazi na wafanyabiashara wadogo upande huu. Mitaa ikapangwa kwa mistari iliyonyooka, ndiyo maana mpaka leo tunaita barabara kwa namba, Barabara ya 1 mpaka ya 21. Kiutawala kuna kata tatu: Ngamiani Kaskazini, Ngamiani Kati na Ngamiani Kusini.

Tanga ilipewa hadhi ya Jiji mwaka 2005. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 273,332 katika jiji zima, na ile ya 2022 ikakuta wamezidi 390,000. Shikeni hilo la ongezeko la watu, tutalihitaji mbele.

POLISI WANAHESABU NINI

Jeshi la Polisi linagawa makosa ya jinai kwenye mafungu makuu matatu: makosa dhidi ya binadamu (mauaji, ubakaji na mengineyo), makosa ya kuwania mali (wizi, uvunjaji, unyang'anyi), na makosa dhidi ya maadili ya jamii (humo ndimo yanamoingia mambo ya bangi, dawa za kulevya, gongo na kadhalika). Halafu kuna makosa makubwa na makosa madogo.

Huku mtaani sisi kila kitu tunaita "wizi", lakini sheria haiko hivyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatofautisha:

- Wizi: mtu amechukua mali yako bila kukutisha wala kuvunja. Simu imechomolewa mfukoni, baiskeli imeondoka nje ya duka. Adhabu ya jumla ni mpaka miaka 7.

- Kuvunja nyumba: ameingia ndani ili atende kosa. Mchana ni mpaka miaka 14, usiku ni mpaka 20.

- Unyang'anyi: ametumia nguvu au vitisho. Ile kukabwa roba kichochoroni ni unyang'anyi, si wizi.

- Unyang'anyi wa kutumia silaha: hapo ni miaka isiyopungua 30. Wengi wanadhani mpaka iwe bunduki. Hapana! Kisu, panga au chuma chochote cha hatari kinatosha.

Kwa nini nasema yote haya? Kwa sababu ukienda kituoni ukasema "nimeibiwa" wakati ulitishiwa kisu, unaweza kuandikiwa kosa dogo kuliko lililotokea. Eleza kilichotokea hatua kwa hatua, na hakikisha kimeandikwa hivyo hivyo.

KIWANGO CHA UHALIFU KINAPIGWAJE

Hapa ndipo magazeti yanapotuchanganya. Ukisoma kwamba mkoa fulani una makosa mengi kuliko mwingine, swali la kwanza ni: una watu wangapi? Idadi tupu haikwambii kitu. Kawaida wataalamu wanachukua idadi ya makosa kwa mwaka, wanagawa kwa idadi ya watu, halafu wanazidisha kwa 100,000.

Tufanye mfano wa kubuni, si takwimu za mtaa wowote. Kata ina watu 10,000, mwaka mzima wizi ulioripotiwa ni 20. Gawa, zidisha, unapata 200 kwa kila watu 100,000. Mwaka unaofuata vijana wawili wanaingia kwenye nyumba kumi kabla hawajakamatwa, wizi unakuwa 30. Kiwango kimepanda mpaka 300, yaani ongezeko la asilimia 50! Gazeti litaandika UHALIFU WAFUMUKA. Kumbe ni vijana wawili tu, na wako ndani tayari. Mahali padogo namba zinaruka sana, kwa hiyo usimhukumu mtaa kwa mwaka mmoja.

Mambo mengine yanayopotosha ni haya:

1. Wizi usioripotiwa. Wangapi kati yetu tukiibiwa simu ya shilingi elfu hamsini tunakwenda polisi? Tunasema "ah, nimeshapata hasara, nikapoteze na siku nzima?" Basi kitabu cha polisi kinabaki kizuri na mtaa unabaki vilevile.

2. Kituo kikijengwa karibu, namba zinapanda. Si kwamba wezi wameongezeka, ni kwamba watu sasa wana pa kupeleka malalamiko. Na dawati la jinsia na watoto likianza kusikiliza akina mama vizuri, kesi za ukatili zitaonekana nyingi. Hiyo inaweza kuwa dalili nzuri.

3. Watu wa mchana. Kwenye sensa mtu anahesabiwa alipolala. Lakini sokoni Ngamiani mchana wanakuja watu wa Pongwe, Muheza, Mkinga, Pangani na kwetu Amani. Makosa yanahesabiwa Ngamiani, watu wanahesabiwa kwao. Kiwango lazima kionekane kikubwa.

4. Msako. Polisi wakifanya operesheni ya bangi mwezi mzima, kesi za bangi zinajaa. Hiyo inapima kazi ya polisi zaidi kuliko inavyopima uvutaji.

Ndiyo maana wanaolinganisha nchi na nchi wanategemea zaidi mauaji, kwa sababu maiti ni ngumu kufichwa. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 458,000 waliuawa kwa makusudi duniani, sawa na 5.8 kwa kila watu 100,000. Sasa mtu akikutajia mji una kiwango cha 30, unajua huo ni mara tano ya wastani wa dunia.

MIAKA TULIYOOGOPA KWELI

Nisije nikaonekana napamba. Tanga tumepitia kipindi kibaya. Februari 2015 kulikuwa na mapambano ya risasi eneo la mapango ya Amboni kati ya vyombo vya dola na watu wenye silaha, na mwanajeshi mmoja akapoteza maisha. Halafu usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2016 watu 8 waliuawa kwa kuchinjwa mtaa wa Kibatini, kata ya Mzizima. Sitaki kurudia maelezo yake. Waliokuwa hapa wanakumbuka jinsi saa mbili usiku mji mzima ulivyokuwa kimya kama kijiji.

Lakini angalieni kitu kimoja. Hofu ile ilitufanya tuogope watu wasiohusika. Mgeni yeyote mwenye begi alikuwa gaidi, kijana yeyote mwenye ndevu alitazamwa vibaya. Dar es Salaam nao walipata yao ya "Panya Road" mwaka 2014 na 2015, na tena 2022. Kule jioni moja mapema Januari 2015 watu walifunga maduka na kukimbia mitaa mbalimbali kwa uvumi tu. Uhalifu na hofu ya uhalifu ni ndugu, lakini si mtu mmoja. Mtaa unaweza kuwa na hofu kubwa na wizi mdogo, au kinyume chake.

WIZI WA KILA SIKU

Sasa turudi kwenye ule unaomhusu binti wa mama mdogo, maana yeye hataviziwa na majambazi wenye SMG. Kwa macho yangu, mambo ya kila siku mtaani kwetu ni haya: simu kuchomolewa kwenye msongamano, au kunyakuliwa na mtu wa bodaboda ukiwa unaongea barabarani. Baiskeli, si mnajua tena Tanga ni mji wa baiskeli. Nguo kwenye kamba. Mita za maji na vyuma vyovyote vinavyoweza kuuzwa kama chakavu. Na ule uvuvi wa dirishani: mtu anapitisha fimbo yenye ndoano kati ya nondo, anavua suruali yako na simu iliyo mfukoni, wewe umelala unakoroma.

Ukiuliza nani anafanya, jibu la haraka ni "mateja". Kuna ukweli ndani yake. Pwani yetu yote, Mombasa, Tanga, Bagamoyo, Dar na Unguja, imeumizwa na heroini tangu miaka ya 1980. Mtu aliyekamatwa na unga anahitaji dozi yake kila siku, na kama hana kazi, mita yako ya maji ndiyo mshahara wake. Ongeza kwamba viwanda vingi vya Tanga vilikufa miaka ya 1980 na 1990 na mkonge ukaanguka, utaelewa vijana walibaki na nini mkononi.

Lakini teja ni mgonjwa pia. Tanzania ilianza tiba ya methadoni mwaka 2011 Muhimbili, halafu ikasambaa mikoani, na Tanga tumepata. Mtu anakunywa dawa yake kila siku mbele ya muuguzi, arosto inakata, anaweza kufikiria kazi. Kila kijana anayekwenda kliniki asubuhi ni dirisha moja ambalo halitavuliwa usiku. Kwa hiyo mwenye mtoto au ndugu kwenye hali hiyo, usimfiche ndani kwa aibu.

SI MTAA MZIMA, NI KONA

Hili ndilo ningependa mlikumbuke kuliko yote. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa mji wa Minneapolis. Waliangalia simu zote zilizopigwa polisi wakakuta kwamba nusu yake zilitoka kwenye asilimia 3 tu ya anwani za mji. Yaani mji mzima unaitwa mbaya kwa sababu ya kona chache!

Na sisi tunajua kona zetu. Kichochoro kisicho na taa, gofu lisilo na mwenyewe, kibanda kinachonunua vyuma bila kuuliza vimetoka wapi. Ukiondoa hizo, barabara nzima ni watu wamekaa barazani. Na baraza jamani ni ulinzi! Mwandishi Jane Jacobs aliandika kitabu mwaka 1961 akieleza kwamba kinacholinda mtaa wa mjini si polisi kwanza, ni macho ya wakazi na wenye maduka wanaoangalia barabara. Wazee wetu wanaocheza bao nje ya nyumba ya Kiswahili walikuwa wanafanya hivyo kabla hajaandika.

Taa nazo zinasaidia. New York mwaka 2016 walifunga taa kali kwenye baadhi ya maeneo ya nyumba za umma na kuacha mengine, wakapima. Uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa asilimia 36 hivi. Kwetu hapa, mradi wa miji ya kimkakati ulioanza mwaka 2010 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulituletea lami na taa kwenye baadhi ya barabara, na aliyekuwa akipita hapo zamani anajua tofauti. Taa ikiungua, usikae kulalamika, mwambie mwenyekiti wa mtaa na umfuate tena wiki ijayo.

Jambo lingine lililothibitishwa Uingereza, kwenye mtaa wa Kirkholt huko Rochdale miaka ya 1980: nyumba iliyovunjwa mara moja ndiyo yenye hatari kubwa zaidi ya kuvunjwa tena, na huwa ni ndani ya wiki chache. Mwizi ameshajua njia, na anajua utanunua televisheni nyingine. Ndicho kilichompata yule jirani yangu. Ukiibiwa leo, badilisha kitasa leo, siyo mwisho wa mwezi.

NANI ANATULINDA

Zamani kulikuwa na balozi wa nyumba kumi, mfumo wa TANU wa miaka ya 1960. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi akabaki wa chama, na mambo ya serikali yakawa kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji. Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi walianzisha sungusungu kupambana na wezi wa ng'ombe, na sheria ikawatambua mwaka 1989. Tangu mwaka 2006, wakati wa IGP Said Mwema, tukaanza kusikia polisi jamii na ulinzi shirikishi, na siku hizi Jeshi la Polisi limepeleka wakaguzi mpaka kwenye kata.

Ulinzi shirikishi ukifanywa vizuri ni dawa. Ukifanywa vibaya unazaa kundi jingine la vijana wenye marungu wanaokutoza hela usiku. Tofauti iko kwenye daftari: nani yuko zamu leo, michango imekwenda wapi, aliyekamatwa alipelekwa wapi. Mtaa wenye daftari hilo na mikutano yake unakaa. Mtaa usio nalo, kaa chonjo.

"MWIZIII!"

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimelikwepa tangu mwanzo.

Mwaka 2009 nilikuwa na baiskeli, Phoenix nyeusi, nilihangaika nayo kuinunua. Jioni moja natoka dukani nikaona kijana wa miaka kama kumi na tano anaisukuma, anakunja kona. Sikufikiri. Nikapiga kelele: "Mwizi! Mwiziii!"

Haikufika dakika moja walikuwa watu thelathini. Sijui walitoka wapi. Yule mtoto alikuwa anasema "nimetumwa, nimetumwa", lakini nani anasikiliza? Mawe, mateke, mtu mmoja ameleta tairi. Nilijaribu kusema "jamani basi", sauti yangu haikusikika tena, ile niliyoitoa mwanzo ndiyo iliyokuwa inafanya kazi. Aliyemwokoa ni mama mmoja muuza vitumbua. Alijitupa juu yake akasema kama mnaua, anzeni na mimi. Wakasita. Mwenyekiti akafika, akamfungia kijana ofisini kwake mpaka polisi walipokuja.

Wakati huo huo mpangaji mwenzangu akatokea anatweta. "Mbona mimi ndiye niliyemtuma? Nilikuazima baiskeli mchana ukiwa umelala, ikapata pancha, nikampa dogo aipeleke kwa fundi."

Tulikwenda kuchukua PF3, tukaenda hospitali, nikalipa. Kijana alipona, ila sikio la kushoto halisikii mpaka leo. Sasa ni mtu mzima, anaendesha bodaboda. Tukikutana ananisalimia, "Shikamoo braza", anageuza kichwa kidogo ili anisikie nikimwitikia. Hajawahi kunitukana. Ningependa angenitukana.

Angalieni sasa hesabu. Siku ile hapakuwa na wizi. Kilichotokea ni shambulio la kudhuru mwili, na watuhumiwa wakaandikwa hawajulikani. Mimi nilikuwa najulikana. Nilikuwa nimesimama pale pale mbele ya askari, na hakuna aliyeniuliza.

Sheria iko wazi wadau. Katiba, Ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi, na Ibara ya 13 inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inaruhusu raia kumkamata mtu aliyetenda kosa kubwa mbele yake, lakini lazima amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kumpiga mtu mpaka afe ni mauaji, hata kama ameiba kweli. Na mauaji yanaingia kwenye takwimu za mtaa wako. Ukitaka Ngamiani isionekane ya wauaji, usiue.

YA KUFANYA, KWA KIFUPI

Ukitafuta chumba: nenda mara mbili, mchana na saa mbili usiku. Angalia njia ya kutoka kituo cha daladala mpaka mlangoni, ina taa? Watu wanakaa barazani? Waulize wapangaji wenyewe, usimuulize dalali. Angalia nondo za dirisha, halafu kitanda kisiwe karibu na dirisha, na simu isilale dirishani. Badilisha kitasa siku unayohamia, maana hujui funguo za zamani ziko kwa nani. Jiandikishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Majirani wakikujua, ukipatwa na jambo watatoka.

Baiskeli au pikipiki: andika namba ya fremu mahali, tunza risiti. Bila hivyo hata ikipatikana utathibitishaje kwamba ni yako?

Simu: bonyeza *#06#, andika namba ya IMEI kwenye daftari, si kwenye simu hiyo hiyo! Ikiibiwa, toa taarifa polisi, halafu kampuni ya simu wafunge laini na simu yenyewe. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", usijibu, upeleke kwenye namba 15040.

Ukiwa kituoni: eleza kwa mpangilio, omba namba ya RB, iandike. Ukiumizwa chukua PF3, ila hali ikiwa mbaya sana okoa maisha kwanza. Ndugu yako akikamatwa, kumbuka dhamana ni bure. Anayekudai hela ya dhamana anakuibia, na namba ya TAKUKURU ni 113.

Namba nyingine: polisi 112, zimamoto 114, msaada kwa mtoto 116. Ziweke kwenye simu sasa hivi kabla hujaendelea kusoma.

NILIVYOMJIBU MAMA MDOGO

Nilimpigia tena Jumapili. Nikamwambia: "Mama, siku ile nilikujibu kama mwanasiasa. Ukweli ni kwamba wezi wapo, ila si kila kona, na mtoto akijua kona zipi atakaa vizuri." Nikamkumbusha hata Amani kwetu, mwaka 2004 wachimbaji wa dhahabu walipojaa Sakale, nyumbani tulianza kufunga mlango mchana, kitu ambacho babu hakuwahi kukifanya. Mahali hapabadiliki peke yake, wanabadilika watu na shida zao. Akacheka, akasema kweli.

Tumempatia binti chumba karibu na Barabara ya 10, nyumba yenye bibi ambaye tangu alfajiri mpaka saa nne usiku yuko barazani na anajua kila anayepita. Nimeshafunga kitasa kipya. Nimemfundisha namba zote hizo.

Na nimemwambia neno moja zaidi, ambalo sikumwambia mama yake. Akiona kitu chake kinaondoka mikononi mwa mtu, amfuate, amwite jina kama anamjua, amwite mwenyekiti, apige 112. Lakini lile neno asilitamke mpaka awe na uhakika, na hata akiwa na uhakika, ajue kwamba akishalitamka si lake tena.

Wadau, kama mtaa wenu una daftari la ulinzi linalofanya kazi, Chumbageni, Makorora, Mabawa, popote, tuelezeni mnafanyaje. Naomba kuwasilisha.